Rimu Nyepesi za Muchiri

Kabiro nzima, huko Kawangware, ilijua kwamba kwa Khamala unapata upepo, unazibiwa pancha, na unatukanwa, na kwamba katika hayo matatu hapunji mtu. Dereva aliyekuja na tairi lililokwisha hadi nyuzi zikaonekana aliulizwa kama ana bibi, na kama huyo bibi amekwisha kumchagulia jeneza. Aliyesema ana haraka aliambiwa aondoke na haraka yake, aache gari. Watu walinuna, wakalaani, na wiki iliyofuata wakarudi. Mtu anayekutukana huku akikaza nati zako vizuri ni nafuu kuliko anayekuchekea.

Hakuzaliwa na mdomo huo. Alitoka kijijini Chwele akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, mpole hadi ndugu zake wakamhurumia, akafikia kwa binamu yake Boaz kule Gatwekera, mtaa wa mabanda, katika chumba cha udongo ambamo wanne walilala kwa zamu. Kila asubuhi alitembea kwa miguu hadi Industrial Area, akasimama kwenye mageti ya viwanda, na kila asubuhi wenye viwiko vikali walimpita. Upole ukamwishia hapo getini. Baadaye alijifunza kazi ya magurudumu kwa fundi mmoja aliyeitwa Ouma, na mwisho akavuka hadi Kawangware, ambako mwenye ploti, Mzee Naftaly, alimwonyesha kipande cha mbele kando ya barabara.

"Keti hapo," Mzee alimwambia. "Ukiwa mtu wa fujo nitakutoa. Ukiwa mtu wa kazi utanizika."

Hakukuwa na karatasi. Neno la Mzee lilitosha, na kwa miaka kumi na minne lilitosha kweli. Khamala alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza. Udongo wa kaburi haujakauka, Muchiri, kifungua mimba wa marehemu, alisimama mbele ya kibanda na miwani yake ya jua, wateja wakiwa wamekaa, akatangaza kwamba hapo patajengwa pa kuoshea magari, na kwamba ikifika tarehe moja ya mwezi ujao hataki kuona hata msumari.

Khamala hakubembeleza. Alimwuliza tu kama hizo gari atakuwa anaziosha kwa mikono yake hiyo laini au kwa ulimi. Tangu siku hiyo wawili hao wakawa chui na mbwa, na walioishi kati yao wakajifunza kupita haraka.

Mahali pengine alikuwa amekwisha kupapata, kule Silanga, karibu na bwawa, kati ya wauza makaa na wauza mboga za sukuma. Palikuwa pabaya, lakini palikuwa pake. Kilichomnyima usingizi si mabati wala kompresa, kwa maana hivyo vinabebeka kwa mkokoteni. Kilichomnyima usingizi ni jina. Huko Silanga hakuna aliyemjua isipokuwa madereva, na madereva walijua jambo moja tu juu yake: kwamba katika miaka yote hiyo, hakuna gurudumu alilolifunga Khamala lililowahi kung'oka. Hilo ndilo lililokuwa mtaji wake wote. Akilipoteza katika siku hizo chache zilizobaki, angefika Silanga kama mtu yeyote mwenye spana.

Na alijua jina linavyopotea, kwani alimwona Ouma akilipoteza lake. Ouma alikuwa fundi hodari. Siku moja alimfungia mtu rimu za alumini, mtu hakurudi kukaziwa, na siku ya tatu gurudumu lilichomoka kwenye mteremko likamvunja mguu mama aliyekuwa akiuza mandazi. Hakuna aliyeuliza kuhusu kukaza. Waliuliza nani alifunga. Kibanda kiliteketezwa saa sita mchana, na Ouma akarudi kwao Ugenya, ambako mpaka leo analima na hataki kusikia gari likitajwa.

Basi, Jumanne moja, zikiwa zimebaki siku kumi na moja, Muchiri akaja na gari lake jeupe, Fielder. Nyuma alikuwa amebeba rimu nne nyeusi za alumini zenye mdomo mwekundu, inchi kumi na saba, na tairi nne pana za milimita mia mbili ishirini na tano. Jumamosi alikuwa anakwenda Limuru kupeleka ruracio, yaani mahari, kwa kina Tracy, mchumba wake, na alitaka wakwe wasikie gari kabla ya kumwona mwenyewe. Chuki ni chuki, lakini rimu mpya huwezi kumpelekea mtu wa kukwaruza, na kuanzia Kabiro mpaka Kangemi mikono isiyokwaruza ilikuwa ya Khamala.

"Niaje fundi. Nivalishe hii gari viatu," alisema Muchiri bila kuvua miwani. "Hizi ni light. Alloy. Gari itakuwa inaruka."

Khamala aliinua rimu moja kwa mkono wa kushoto, akairudisha chini.

"Nani amekwambia ni nyepesi?"

"Mwenye ameniuzia. Alloy si ni light, buda? Ama huko kwenu hakuna?"

"Huko kwetu kuna macho. Hii ni nzito kushinda chuma ulichokuja nacho. Na hiyo tairi itakula fenda, hilo bati la juu yake. Ukikata kona na shangazi zako nyuma, itasaga mpaka itoe moshi."

"Wewe unataka nionekane mshamba kwa watu."

"Hiyo hauhitaji msaada wangu."

Aliyekuwa akizibiwa pancha ya bodaboda akacheka. Muchiri akamgeukia, kisha akamrudia Khamala na kumwambia kwamba ana wivu, kwamba mtu anayefukuzwa hawezi kumtakia mwenye ploti mema, na kwamba afunge alicholetewa kufungwa. Akutukanaye hakuchagulii tusi. Alimwita pia mtu wa pancha, na hilo ndilo lililomchoma.

Khamala alichukua spana. Alilegeza gurudumu moja la Fielder, akatoa tairi kwenye rimu ya chuma, kisha akavuka hatua sita hadi kwa Nereah. Nereah aliuza viazi pembeni mwa kibanda na alikuwa na mizani ya kuning'iniza yenye ndoano. Muda si mrefu watu wakaanza kusogea, kwa maana hakuna aliyewahi kuona gurudumu likipimwa kama viazi. Wakarima, mama yake Muchiri, alikuwa hapo hapo akichagua viazi vya safari, na Khamala aliona kwamba yupo. Alimwona, na akaendelea.

Rimu ya chuma, kilo nane. Rimu nyeusi yenye mdomo mwekundu, kilo kumi na robo.

"Soma, Nereah," alisema Khamala.

"Kumi na robo," Nereah akasoma, kwa sauti ya mtu anayeuzia watu walio mbali.

Kicheko kilichopasuka hapo Kabiro hakikuwa na huruma. Mtu mmoja aliuliza kama Muchiri anapeleka rimu ama jiko la msiba. Mwingine akasema akifika Limuru awaachie wakwe rimu hizo wamhesabie kama mbuzi wawili. Muchiri alivua miwani, na bila miwani alionekana mtoto.

"Mwambie anachopaswa kununua," Wakarima alimwambia Khamala, bila kumtazama mwanawe. Hasira ilikuwa imemkaza shingo. Alichekwa mwana, na mama naye akachekwa.

Khamala akamwambia, na alipoanza kueleza ukali ulimtoka kidogo, kwa sababu hayo mambo aliyapenda. Gari, alisema, halihisi uzito wote sawasawa. Gunia ukiliweka ndani, springi zinalibeba. Lakini uzito wa gurudumu hauna springi, unapigana na barabara wenyewe. Ukipunguza kilo mbili kila gurudumu, gari linashika kasi mapema, linasimama mapema, na mashimo haya yetu hayavunji mgongo. Upana ni mzuri, tairi inashika, lakini ukizidisha inashika na fenda pia. Basi achukue inchi kumi na tano ileile, rimu ya upana wa inchi sita na nusu, tairi ya mia mbili na tano badala ya mia moja themanini na tano. Na asinunue kabla hajainua kwa mkono wake.

Muchiri alizirudisha zile nyeusi mjini. Jumatano alikuja na nyingine, za rangi ya fedha, zenye miguu myembamba kama ya buibui. Nereah hakuulizwa, alishika mwenyewe akapima. Tano na nusu. Khamala aliziweka tairi, akasawazisha, akafunga, akageuza usukani kushoto na kulia hadi mwisho. Kati ya tairi na fenda vidole vyake viwili vilipita bila kubanwa. Gari lilisimama vizuri, pana kidogo, chini kidogo. Lilimpendeza, na akachukia kwamba limempendeza.

"Alumini ikiwa mpya inalala," alisema. "Nati zinalegea zenyewe. Tembea kilomita hamsini, kesho urudi nikaze. Ni dakika tano."

"Nirudi unipime tena kama gunia?" Muchiri alikuwa ameshaingia ndani. "Buda, hautaniona hapa. Next time naona hii kibanda, inabomolewa."

Na kweli hakurudi. Hilo ndilo kosa la watu wa aina yake, na Kawangware imejaa nao: hutumia wiki mbili kuchagua kiatu, kisha wakaona haya kuinama kufunga kamba. Alhamisi Khamala alimpigia simu, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa. Ijumaa alimtuma Nereah, aliyekuwa anapeleka viazi nyumbani kwao.

Nereah alirudi na jibu. "Amesema ukaze mkanda wa suruali yako. Gari lake analijua."

"Mamake alikuwepo?"

"Alikuwa anahimiza watu jikoni. Hakusikia. Na askari wa geti ameambiwa ukionekana ndani upigwe."

Khamala aliketi juu ya tairi kuukuu akatazama barabara. Tuseme ukweli: alitamani gurudumu lile ling'oke. Alilitamani kwa moyo wake wote, Muchiri akiwa peke yake, mbele ya wasichana, mvua ikinyesha. Lakini Muchiri hangekuwa peke yake. Ndani ya Fielder ile angekuwa Wakarima, aliyemletea Khamala chai siku zote kumi na nne za msiba wa mkewe bila kukosa hata moja, na wangekuwa shangazi wawili wanene wasiomjua Khamala wala rimu. Na mteremko wa kwenda Limuru ukirudi jioni si mteremko wa mchezo. Hakuna mtu ambaye angeuliza kuhusu kukaza. Wangeuliza nani alifunga.

Jumamosi asubuhi mvua ilikuwa imeacha matope hadi kifundo. Muchiri alikuwa ameamka mapema kumchukua shangazi Kangemi, na gari lililooshwa jana yake lilirudi limepakwa udongo mwekundu hadi madirishani. Aliliacha nje ya geti, pamoja na pikapu ya ami yake Kiarie iliyojaa kreti za soda, blanketi na mikungu ya ndizi. Watu wote waliingia ndani kuomba kabla ya safari. Kutoka barabarani ulisikia wimbo, kisha sauti ya mchungaji ikichukua hatamu, na aliyemjua mchungaji huyo alijua kwamba kuna muda.

Khamala alipiga magoti kwenye tope. Alikwangua udongo kwenye matundu ya nati kwa kidole, akaweka spana ya msalaba. Nati ya kwanza ya mbele kulia ilizunguka kwa mkono mmoja. Ya pili ilizunguka kwa vidole. Hapo akasahau kwamba anamchukia mtu. Alimaliza gurudumu la mbele kulia, akazunguka mbele akamaliza la mbele kushoto, akaenda nyuma upande huo huo. Alikuwa anakaza nati ya mwisho ya gurudumu la tatu geti lilipofunguka.

"Ngai!" Maggie, dada yake Muchiri, aliangusha sinia. "Anafungua gari! Khamala anafungua gari atuue!"

Fikiria mtu aliyefukuzwa, aliyetukanwa mbele ya watu, amepiga magoti kando ya gari la adui yake na spana mkononi. Hata malaika angesita. Kiarie, mtu mkubwa wa mwili na mdogo wa subira, alikuwa wa kwanza kumfikia. Alimkunja shati, akamwinua kama nguo ya kuanikwa, akampigiza kwenye pikapu. Yowe la "mwizi" lilipigwa mahali fulani nyuma, na huko Kabiro neno hilo halipigwi mara mbili kabla mawe hayajaokotwa. Boda watatu waliegesha pikipiki. Mmoja wao Khamala alikuwa amemzibia pancha juzi. Sasa alikuwa na nusu ya tofali.

"Nilijua!" Muchiri alisukuma watu akipita. Suruali yake ilikuwa nyeupe, viatu vyeupe, shati la kitenge lililoshonwa sare na nguo ya Tracy. "Nilisema huyu mtu ni mchawi! Unataka kuua mathe yangu juu ya kibanda?"

"Nilikuwa nakaza," Khamala alisema, damu ikimtoka mdomoni.

"Unakaza! Nani alikuita?"

"Hakuna. Ungeniita, nisingekuwa kwenye tope hili."

Kiarie akamzaba kofi. Wakarima alipaza sauti aachwe aseme, na kwa sababu gari lilinunuliwa kwa pesa za ploti yake, wakaacha.

Khamala alitema mate mekundu. Hakumtazama Muchiri, alimtazama mama.

"Mama Muchiri, nimeshika magurudumu matatu. La nne sijalifikia, lile la nyuma kulia. Nendeni mlione. Lina tope la asubuhi mpaka ndani ya matundu, limekauka. Spana haijaingia pale. Kama mimi ndiye nafungua, hilo litakuwa limekaza. Mpatie kijana wako spana."

Watu walisogea wote pamoja kuelekea upande wa pili. Kiarie aliinama kwanza. Tope lilikuwa limejaa matundu yote manne kama dawa kwenye jino bovu, na lilikuwa zima, halijaguswa na kitu. Akalikwangua kwenye matundu yote kwa ufunguo wake.

"Weka," Wakarima alimwambia mwanawe.

Muchiri alichukua spana. Alijaribu kufanya kazi hiyo akiwa ameinama tu, ili asichafue suruali. Aliweka spana, akajiandaa kusukuma kwa nguvu, na ile nati ikazunguka nusu mzunguko bila hata kulia. Spana ilimponyoka, kidogo aanguke. Aliijaribu ya pili, nayo vivyo hivyo. Ya tatu aliigusa kwa vidole, ikamfuata.

Hakuna aliyecheka safari hii. Shangazi wa Kangemi, ambaye alikuwa amekaa juu ya gurudumu hilo hilo asubuhi nzima, aliweka mkono kifuani na kuanza kuomba peke yake. Yule boda aliliweka tofali chini taratibu, mbali na mguu wake, kana kwamba si yeye aliyeliokota.

Muchiri alimnyooshea Khamala spana. "Kaza basi, twende. Tumechelewa."

Khamala alikunja mikono. Shati lilikuwa limepasuka hadi kwapani.

"Unayo mkononi," alisema.

"Nimesema kaza!"

"Niliitwa mwuaji nikikaza. Sasa kaza wewe, niitwe mtazamaji."

Muchiri akamgeukia mamake. Wakarima alikuwa anamtazama, na katika jicho lake hamkuwa na mlango. Basi yule bwana harusi mtarajiwa akapiga magoti na suruali yake nyeupe kwenye tope la Kabiro, mbele ya ami, shangazi, mchungaji na boda watatu, akaanza kukaza nati iliyofuata ile ya kwanza.

"Si hiyo," Khamala alisema juu ya kichwa chake. "Ruka, ya upande wa pili. Kwa msalaba. Ukizifuata kwa duara, rimu inakaa upande. Sasa hiyo. Tia mgongo. Umekula nini? Tena. Hiyo bado."

Alimkazisha zote nne, kisha akamrudisha kwenye ya kwanza. Muchiri aliposimama, magoti yake yalikuwa mekundu, na macho yake yalikuwa na chuki safi isiyo na mchanganyiko.

"Tarehe moja," alisema kwa sauti ya chini. "Sitaki kukuona hapa."

"Hutaniona," Khamala alijibu. "Lakini hawa wamekuona."

Alichukua spana yake, akaifutia kwenye kile kilichobaki cha shati, akaondoka. Hakuna aliyemwomba radhi. Wakarima alifungua mdomo, kisha mchungaji akasema saa zimekwenda, na watu wakapanda magari. Fielder ilishuka Kabiro pana na nyepesi, ikakata kona ya kinyozi bila kusaga popote, na Khamala alisimama akaisikiliza mpaka haikusikika tena.

Tarehe moja ilipofika alikuwa Silanga tayari. Upepo wa bwawa ulinuka, kompresa ilikataa kuwaka siku mbili, na muuza makaa wa jirani alikuwa mgomvi kuliko yeye, jambo lililomfurahisha. Siku ya nne pikapu iliteremka kwenye vumbi, ikapita mafundi wawili waliokuwa wakiipungia mkono, ikasimama mbele yake. Alikuwa Kiarie.

Kiarie alishuka na rimu moja mkononi, ya alumini, akiipima uzito kwa kuirusha kidogo juu. Kofi alilompiga Khamala bado lilikuwa kati yao, na kila mmoja alilizunguka kwa upande wake.

"Nataka tairi pana kidogo," alisema hatimaye. "Chagua wewe."

Khamala aliipokea rimu, akaigeuza, akaipitisha kidole ukingoni kutafuta ufa. Hakumwambia aketi.

"Muchiri hajui kama niko hapa," Kiarie akasema.

"Usimwambie," Khamala alijibu. "Atafikiri nimewasamehe."